Mlango Uliochorwa na Moshi

Wenzangu wa karakana waliponiaga walinipa vitu viwili: kiti cha plastiki chenye mikono, na agizo la kuandika. Kiti nimekikalia sasa hivi hapa Lipingo, nyuma ya nyumba ya kaka yangu, upande ambao upepo hauleti harufu ya usipa, dagaa wetu wa Ziwa Nyasa. Agizo ndilo hili. Walisema vijana wanaoingia kazini wanajua kuchomelea vyuma kuliko sisi tulivyojua, ila dohani za zamani hawajazizoea, na wanaotaka majiko ya kuni ndani ya nyumba hizo kongwe bado wapo. Sitaandika nilipandishwa cheo lini wala nililipwa nini. La kwanza halikutokea mara nyingi, na la pili mnalijua, maana mnalipwa hivyo hivyo.

Mimi ni Eunike, fundi mwashi, Mnyasa wa ufukweni. Huku kwetu nyumba haina dohani. Moshi wa jikoni unatoka pale unapoona inafaa, na hakuna anayeufuatilia. Uashi nilijifunza kwa mjomba wangu, tukajenga vyoo na madarasa, na nilipopata kazi Mbinga nilipanda mlima nikiwa na gauni moja zito na kiburi kingi. Baridi ilimaliza vyote viwili kabla ya wiki kwisha. Wamatengo waliniona ninavyotetemeka wakaniambia huo bado ni mchana.

Siku yangu ya kwanza kazini, mkuu wa karakana, Fundi Kosmas, hakunipa mwiko. Alinipa kioo cha kunyolea ndevu. Alinipeleka kwenye nyumba moja ya zamani, yenye kuta nene na meko ya ukutani, akaniambia niingize kichwa ndani ya meko, nikiinamishe kioo, nimwambie ninaona nini. Nikafanya hivyo. Mwanzoni niliona weusi mtupu. Kisha nikaona mbingu, kipande cheupe kidogo sana, mbali. Halafu katikati ya ule weusi nikaona uso mweupe wenye macho meusi, umeinama, unanitazama kupitia kioo.

Nilitoka humo kwa nguvu hadi nikagonga kisogo. Fundi Kosmas akachukua kioo, akatazama bila haraka, akasema ni bundi. Mimi nilijua maana ya bundi kwenye nyumba, kwetu kila mtoto anaijua, nikamwuliza tunafanya nini. Alinijibu kwamba huyo ni mpangaji tu, tukianza kugonga atatafuta nyumba nyingine. Akahama kweli. Lakini nawaambia ukweli, tangu siku ile sikuwahi kuingiza kioo kwenye dohani bila kujiandaa kutazamwa.

Sasa kazi yenyewe. Dohani za zamani zilijengwa kwa ajili ya meko ya wazi, yale ya kurundika magogo. Koo la dohani hizo ni pana, mtoto anaweza kupita. Jiko la chuma ni kitu kingine. Linafungwa mlango, linakula kuni kidogo, na moshi wake ni mchache. Ukilichomeka tu kwenye koo pana la matofali, moshi unapoa njiani, unachoka, unaacha lami nyeusi ukutani, na siku ambayo hewa ya nje ni nzito unageuka na kurudi ndani. Ndiyo maana tunashusha bomba la chuma kutoka juu ya paa hadi kwenye jiko, kipande kwa kipande, kila kiungo kimepigwa ribiti, ile misumari ya kubana bati. Chini tunaziba meko kwa bamba la chuma, pembeni tunaacha kimlango cha kutolea masizi, juu tunaweka kofia ya kuzuia mvua na kunguru. Kuzunguka jiko, udongo wa mfinyanzi na mchanga uliochekechwa ndio wa kutumia. Simenti tupu karibu na moto hupasuka kabla mwenye nyumba hajamaliza kukusifu.

Kabla ya hayo yote kuna kusafisha na kukagua. Brashi ya waya yenye jiwe chini yake, kamba, tochi, kioo. Fundi Kosmas alikuwa na kifaa kingine ambacho hakiuzwi dukani, kiganja chake. Alikiweka mdomoni mwa meko, akafumba macho, akasikiliza kama nyumba inavuta hewa au inaitoa. Nyumba inayovuta ni nzima. Nyumba inayotoa ina jambo. Ndivyo alivyosema, na hakupenda kuulizwa jambo gani, kwa sababu wakati huo alikuwa bado hajui.

Mtakutana na mengi humo. Nyuki, popo, viota vya nyigu, na safari moja tulitoa fuvu la mbuzi ambalo mpaka leo sijui lilipandaje. Siku ya upepo dohani tupu hulia, na kilio chake hufanana na mtu anayejaribu kukumbuka wimbo. Wenye nyumba watawaambia mambo, na ninyi msicheke. Mtu hasikii vitu nyumbani kwake kwa kupenda.

Nyumba ninayotaka kuieleza ipo juu kidogo ya Mapera, njia inapoacha mashamba ya kahawa na kuanza mikaratusi. Ni nyumba ya matofali ya ghorofa moja, kongwe, iliyopita mikononi mwa watu wengi. Mwisho ilinunuliwa na mwalimu mstaafu, Mwalimu Fulgens. Tulikuwa katikati ya msimu wa baridi alipompigia simu Fundi Kosmas kumwomba aje aondoe jiko. Fundi Kosmas akamwuliza limeharibika nini. Mwalimu akasema halijaharibika, limeamsha mtu.

Tulikwenda na pikapu ya karakana. Ukungu ulikuwa umelala juu ya migongo ya milima tangu asubuhi na haukuonyesha nia ya kuondoka. Mwalimu alitupokea barazani, amejifunga blanketi, na hapo hapo barazani ndipo alipotueleza habari yote, kwa sauti ya chini, kama mtu anayemsema jirani.

Mkewe, Mama Debora, ni mtu wa ziwani kama mimi. Mama yake, Bibi Persida, alikuwa amebaki peke yake ufukweni, wakaamua kumpandisha mlimani waishi naye. Bibi aliteseka na baridi. Mwalimu kwa mapenzi yake akanunua jiko la kuni la chuma, jiko zuri, na fundi mmoja wa kupita akalifunga sebuleni kwa kusukuma bomba lake ndani ya meko ya zamani na kukandika udongo pembeni. Bibi akapewa chumba cha juu, kwa sababu dohani hupita kwenye ukuta wa chumba hicho na ukuta wote hupata joto. Alilala ameuegemea kwa mgongo. Kwa mara ya kwanza tangu aje alilala bila kulalamika.

Kisha mambo yakaanza. Mama Debora akasikia mtu anatembea juu wakati mama yake yuko naye chini. Akasikia anaitwa kutoka kwenye ngazi, kwa jina lake la utotoni. Mwalimu mwenyewe alianza kuhisi kwamba akiketi sebuleni kuna mtu nyuma ya kiti chake, na akigeuka kichwa kinamgonga kwa maumivu. Walikwenda zahanati, wakapimwa malaria, hawana, wakapewa dawa za kichwa. Paka wao aliacha kuingia ndani. Wanajumuiya wakaja kusali, wakafunga madirisha kwa sababu ya baridi, na katikati ya rozari mama mmoja akaanguka chini. Baada ya siku hiyo jumuiya iliwaombea kila mtu akiwa kwake.

Na Bibi Persida, mchana kweupe, alisikika chumbani kwake akiongea na mtu na kucheka. Alipoulizwa, alisema ni Yohana. Yohana alikuwa mwanawe wa mwisho, alikwenda kutega nyavu ziwani akiwa kijana, mtumbwi ukarudishwa na mawimbi, yeye hakuonekana tena.

Mwalimu alisema yeye ni mtu wa darasani, haamini upesi. Lakini alitaka jiko litoke siku ile ile. Fundi Kosmas alimsikiliza mpaka mwisho, kisha akaomba jambo moja: kabla hatujaling'oa, liwashwe kama wanavyoliwasha kila siku, na madirisha yafungwe kama wanavyoyafunga. Akaniambia nipande juu nikae na Bibi, kwa kuwa tunasikilizana lugha. Yeye akatoka nje kuzunguka nyumba.

Bibi Persida alikuwa kitandani, ameegemea ukuta wake. Mwanamke mdogo wa mwili, uso mwembamba, mashavu mekundu ya kupendeza kwa mtu wa umri wake. Wakati huo sikujua kwamba mashavu yale ni dalili. Nikamsalimu kwa Kinyasa, akafurahi, akaniuliza mimi ni wa nani, tukahesabiana ukoo kama tunavyofanya. Mlango wa chumba ulikuwa wazi, ngazi zinaonekana. Kando ya kitanda kulikuwa na kabati kubwa la mbao lililosogezwa hadi ukutani. Chumba kilikuwa na joto zuri. Baada ya baridi ya barazani niliona raha hata nikafikiri ningeweza kulala.

Tuliendelea kuongea, na baada ya muda nikagundua kwamba haongei na mimi. Alikuwa anatazama juu ya bega langu, anaitikia, anangoja, anaitikia tena. Akasema, kwa upole, kwamba asisimame hapo, asogee ukutani akauke. Sikugeuka. Masikio yalianza kulia, mlio mwembamba kama kengele iliyo chini ya maji, na paji la uso likawa zito. Nikamwambia Bibi narudi sasa hivi, nikainuka, nikatoka kwenda kumwita Fundi Kosmas.

Kwenye ngazi kulikuwa na mwanamke.

Nitaandika nilichoona tu. Alikuwa mtu mzima, mkubwa kuliko mimi kwa mbali, amejifunga kitambaa cheupe kichwani kama akina mama wa kwetu wanavyofunga siku ya kanisa. Alikuwa anapanda taratibu, mkono kwenye ubao wa kushikilia. Alinitazama kama unavyomtazama mtu uliyemngoja akachelewa, bila hasira. Nilitaka kumwamkia. Nilijua ni lazima nimwamkie, mtu mzima hapishwi kimya, lakini ulimi ulikuwa umelala mdomoni kama kitu kisicho changu. Nikasogea ukutani ili apite. Na alipokuwa anapita, nikajikuta nimeketi kwenye ngazi.

Kilichofuata niliambiwa. Fundi Kosmas alikuwa amesimama nje kwenye mikaratusi, anatazama juu ya paa. Alitazama kwa muda, kisha akamwuliza Mwalimu kama moto kweli unawaka. Mwalimu akasema unawaka sana. Fundi Kosmas akasema, "Moto unawaka, na moshi juu hautoki. Sasa unakwenda wapi?" Na alipojisikia anasema hivyo, akaanza kukimbia.

Alinikuta kwenye ngazi macho wazi, akaniburuta hadi barazani kwa mikono yake. Akarudi na Mama Debora kumchukua Bibi. Bibi hakuwa tayari. Nilikuwa nimelala kwenye majani yenye umande, natapika, na nilimsikia akishushwa ngazi akilalamika kwa Kiswahili ili waliombeba waelewe vizuri: "Niacheni. Hajamaliza kuongea."

Tulizima moto, tukafungua kila kilichofunguka. Hatukuling'oa jiko siku ile. Tulilala Mapera, na asubuhi, nilipoweza kusimama bila nyumba kuzunguka, tulirudi kufanya jaribio la moshi. Ninyi mtalifanya mara nyingi, kwa hiyo sikilizeni. Unaziba mdomo wa dohani juu kwa gunia lililoloweshwa. Chini unachoma majani mabichi, kidogo tu, yatoe moshi mzito unaoonekana. Madirisha wazi, watu wote nje isipokuwa mmoja anayetembea upesi na kitambaa puani. Moshi ukikosa njia ya juu, unakwenda kwenye njia yake ya siri, nawe unaifuata.

Palikuwa na kikwazo kimoja. Moshi ulionekana kuvuja juu, nyuma ya lile kabati chumbani kwa Bibi, na Mwalimu alikuwa hajawahi kukanyaga chumba hicho tangu mama mkwe wake ahamie. Heshima ya mkwe haikumruhusu. Ndiyo maana tangu mwanzo hakuna aliyetazama nyuma ya kabati: Mwalimu hakuingia, Mama Debora peke yake asingeweza kulisogeza, na Bibi hakutaka ukuta wake uguswe. Mama Debora akamwomba mama yake ruhusa, Bibi akanyamaza, na kimya chake tukakichukua kuwa ruhusa. Mimi na Fundi Kosmas tukalisukuma.

Nyuma yake ukuta ulikuwa umepigwa lipu na kupakwa chokaa, mweupe, mzima kabisa kwa macho. Kisha moshi ukaanza kutokea. Ulitoka kwanza sehemu moja, uzi mwembamba, ukapanda. Halafu pembeni yake mwingine. Nyuzi zikaungana, zikashuka, zikapinda kwa pembe iliyonyooka, zikapinda tena, na mbele ya macho yetu moshi ukachora mlango. Mlango mdogo, wa kumtosha mtu aliyepiga magoti. Fundi Kosmas alikuwa na mwiko mkononi na hakuunyanyua. Tulisimama tukautazama ule mlango mpaka moshi ulipotufukuza.

Tulipopavunja, tukaelewa. Zamani kulikuwa na meko ya pili hapo juu, yanayotumia koo lile lile. Mtu fulani aliyekaa humo kabla yao aliziba mdomo wa meko kwa ubao, akapiga lipu juu yake, akaiona kazi imekwisha. Ubao ukakauka, ukapinda, lipu ikapasuka nyufa nyembamba kuliko unywele. Juu ya paa kunguru walikuwa wamejenga kiota cha nyaya na vijiti kilichoziba karibu koo lote. Siku ya ukungu moshi mzito ulijipenyeza juu kidogo kidogo bila kuonekana, lakini ile hewa isiyo na rangi wala harufu, ile inayoua watu wanaolala na jiko la mkaa ndani, ilikuwa inatoka taratibu nyuma ya kabati, karibu na mto wa Bibi Persida. Kabla ya kuua, hewa hiyo huchezea kichwa. Huleta sauti, huleta watu. Fundi Kosmas alimweleza Mwalimu hivyo na Mwalimu akaketi kwenye ngazi, akaficha uso, kwa sababu alinunua jiko lile kwa mapenzi.

Ndani ya meko hayo ya juu kulikuwa bado na majivu ya watu wa zamani, gogo lililoungua nusu, na kikombe cha bati kimewekwa pembeni, mkono wake umeelekezwa nje, kama mwenyewe angerudi kukichukua. Hakuna aliyekitaka. Fundi Kosmas alikifukia chini ya mkaratusi.

Kazi tuliifanya kama inavyopaswa. Tulitoa kiota, tukapiga brashi mpaka masizi yakaacha kuanguka, tukashusha bomba jipya la chuma toka juu hadi kwenye jiko, tukaziba meko ya chini kwa bamba, tukaweka kofia, tukatoboa tundu la kuingizia hewa sebuleni. Meko ya juu nikayaziba mimi, kwa matofali ya kuchoma, na nyuma yake bomba likipita salama. Tukawaambia wasichome mkaratusi mbichi. Tulipowasha, moshi ulipanda juu ya paa umenyooka. Maumivu ya kichwa yakaisha. Nyayo zikaisha. Paka akarudi, na kwa tabia ya paka hakueleza.

Kwenye pikapu, tukirudi Mbinga, nilimwambia Fundi Kosmas kwamba kwenye ngazi nilimwona mtu. Sikumwambia zaidi ya hapo. Alisema ni ile hewa. Baada ya muda mrefu, tukiwa tumekaribia mjini, akaongeza kwamba yeye alipopita pale kunibeba hakuwa amevuta hewa ile hata kidogo, na alijikuta anapita pembeni, kama anayempisha mtu. Hatukuongea tena habari hiyo mpaka akastaafu.

Dohani yenye jiko husafishwa kila mwaka, na mwaka uliofuata nilikwenda mwenyewe, kwa bodaboda, brashi zimefungwa mgongoni. Fundi Kosmas alikuwa amekwisha kurudi kwenye shamba lake la kahawa. Mama Debora alinipokea vizuri, nyumba ilikuwa na afya, ila alisema ana wasiwasi na mama yake. Amekonda, haongei, anashinda chumbani amefunga mlango. Akaniomba nimtazame, labda ataniambia mimi asilotaka kumwambia mwanawe.

Nilipoingia, kabati lilikuwa mahali pake, lakini sakafuni mbele yake kulikuwa na vumbi jekundu la tofali, lililofagiwa vibaya. Bibi Persida aliniona ninavyolitazama. Hakujitetea. Nilisogeza kabati, likaja bila shida, maana vitu vyote vilikuwa vimetolewa ndani. Udongo wa kati ya matofali ulikuwa umekwanguliwa, tofali moja limetolewa na kuwekwa chini kwa uangalifu, na ndani ya tundu kulikuwa na kijiko kilicholika ncha. Niliwasha tochi. Alikuwa amelifikia bomba. Alikuwa amekwangua kwenye kiungo, siku baada ya siku, mpaka ribiti moja ikalegea. Nguvu kidogo zaidi na kiungo kingefunguka, na hewa ile ingerudi chumbani.

Nikaketi kitandani kando yake. Ukuta ulikuwa na joto kama zamani.

"Alikuwa akija amelowa," akasema. "Kila mara amelowa. Nilimwegemeza hapa akauke. Sasa ukuta bado una joto, na haji."

Nilimwambia kilichomleta kilikuwa kinamuua. Akasema anajua, Mwalimu alimfundisha vizuri sana, hata kwa kuchora, lakini yeye ni mzee, na kama ni kufa hajaona njia nyingine iliyo na mtu wa kuongea naye. Nilikuwa na jambo moja tu la kweli, nikamwambia. "Bibi, hewa ile haichagui. Mwanao analala chumba cha pili."

Chini tulisikia sauti ya Mama Debora akipepeta mchele na kuzungumza na paka. Bibi Persida alisikiliza sauti hiyo kwa muda mrefu, akiwa amekishika kijiko chake kilicholika. Kisha akaniwekea mkononi.

"Basi ziba," akasema.

Nilishuka kuchanganya udongo, nikaomba moto uzimwe, nikapanda tena. Niliibana ribiti, nikapiga nyingine mbili juu yake, nikajaza udongo kwenye viungo vyote alivyokwangua. Ilipobaki tofali moja, Bibi akaniomba ningoje. Aliinuka, akashika bega langu, akapiga magoti mbele ya tundu, akaweka mdomo wake karibu.

"Yohana, mlango unafungwa," akasema kwa Kinyasa. "Usisimame nje kwenye baridi. Nenda nyumbani."

Hakulia. Alijifuta vumbi magotini kwa khanga yake, akaniangalia.

"Na wewe sema na wako."

Nilimwambia mimi sina mtu humo. Akasema siku ile alikuwa kitandani na mlango ulikuwa wazi, na aliniona nikisogea ukutani kumpisha mtu. Kisha nikamwambia nilichoona: mwanamke mtu mzima, kitambaa cheupe, anapanda taratibu. Nikamwuliza kama ni mtu wa ukoo wake.

Alifikiri kwa makini, kama mtu anayepitia nyumba moja baada ya nyingine kijijini kwake. Akatikisa kichwa.

"Huyo si wangu," akasema. "Huyo ni wako."

"Simjui, Bibi."

"Yeye anakujua."

Udongo ulikuwa unaanza kukauka kwenye mwiko. Tundu lilikuwa jeusi, na kutoka ndani ilitoka hewa kidogo, baridi, ikanigusa usoni, ingawa moto ulikuwa umezimwa na kofia juu ilikuwa imefungwa vizuri, niliifunga mwenyewe. Sikuwa na jina la kumwita. Nilipiga magoti pale alipopiga Bibi, nikasogeza mdomo.

"Shikamoo," nikasema.

Tukasubiri kidogo, sote wawili, kama inavyopasa kumsubiri mtu mzima. Kisha nikapaka udongo, nikaweka tofali.